Kikohozi chako, Zuhura

Kayole, Nairobi
Jumapili usiku

Kwako Zuhura,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila baridi ya Julai inatuandama.

Juzi kwenye simu ulikohoa mpaka ukashindwa kumaliza maneno. Ukaniambia ni wiki ya nne sasa, umepimwa damu na kuambiwa ni taifodi. Shoga yangu, sikulala. Njia hiyo nimeipita mwenyewe.

Mwaka juzi nilitibiwa taifodi mara mbili katika zahanati moja ya mtaani. Kipimo kilikuwa cha Widal. Kumbe kipimo hicho hakimtafuti bakteria mwenyewe, Salmonella Typhi. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupigana na ugonjwa, nazo hubaki mwilini hata ugonjwa ukishapona. Nikapewa siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria. Homa ikashuka, nikafurahi. Baada ya siku chache ikarudi, na jasho la usiku la kulowesha shuka. Baadaye daktari alinieleza kwamba dawa hiyo humdhoofisha kidogo hata bakteria wa kifua kikuu, basi mgonjwa hudhani anapona na siku zinakwenda.

Wangu ulikuwa kifua kikuu. Nilitoa makohozi ya alfajiri kwenye kikopo chenye kifuniko, yakatiwa mashineni, majibu yakatoka siku hiyohiyo.

Bakteria wa kifua kikuu, ambaye daktari Mjerumani Robert Koch alimtangaza kule Berlin tarehe 24 Machi 1882, ana ukuta wenye nta na huzaana polepole mno. Bakteria E. coli wa matumboni akipata nafasi hugawanyika kila dakika 20. Huyu huchukua karibu siku nzima. Ndiyo maana nilimeza vidonge miezi 6. Asubuhi ya kwanza mkojo ulitoka rangi ya chungwa, nikapiga mayowe chooni! Nesi akaniambia ni rifampisini, mojawapo ya dawa zangu, nisiogope.

Taifodi hupitia kwenye maji na chakula. Kifua kikuu hupita hewani, nawe unalala chumba kimoja na mtoto. Acha dirisha wazi, na uende naye hospitalini, maana walio chini ya miaka 5 huwapata vibaya.

Barua hii nampa jirani anayeteremka Mombasa kwa basi la usiku. Kwenye simu ningelia tu. Nenda hospitali ya serikali, dawa za kifua kikuu hazilipiwi. Usiwaambie una taifodi. Waambie umekohoa wiki nne, unataka kupimwa makohozi. Saa nne nitakupigia, nikukute kwenye foleni.

Wako,
Mwanaisha