Kwa mama wa kanga ya bluu, Mbezi Mwisho

Mama, jina lako sikulipata, ndiyo maana nakushukuru hadharani.

Mimi ni yule mwalimu uliyenikuta kwa wakala, Mbezi Mwisho, jioni ya siku ya mwisho ya kulipa ada. Mchana nafundisha Kibaha, jioni nasoma shahada ya uzamili mjini Dar. Mshahara wangu huwa umeshagawanywa kabla haujaingia: kodi ya nyumba, watoto, marejesho ya kikoba, nauli mara nne kwa wiki. Ada nilikuwa nalipa kwa awamu, na awamu ya mwisho ikanikuta nimepungukiwa shilingi 85,000. Usipomaliza, jina haliingii kwenye orodha ya watahiniwa.

Wakala alijaribu kulipa pungufu, namba ya malipo ikakataa mara mbili. Nikaanza kumpigia jamaa wa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuumiza (Mungu anisamehe), ndipo ukasema, "Kata hiyo simu, mwanangu." Ukafungua fundo la kanga, ukahesabu noti za elfu tano tano zinazonukia dagaa. Zikapungua elfu kumi. Ukamkopa wakala! Akacheka kwanza, kisha akatoa.

Nilipokuomba namba ya simu ulishapanda daladala ya Kibamba.

Mtihani nilifanya, mama, na nimefaulu. Pesa yako iko kwa wakala yuleyule, kwenye bahasha ya kaki. Ananiambia ile elfu kumi yake ulimrudishia kesho yake asubuhi, kwa hiyo nimeweka 85,000 kamili. Pitia uichukue.