Anayetaka uuguzi asiiache Hisabati

Mhariri,

Kila yanapotangazwa matokeo ya mitihani ya sekondari, magazeti hujaa ushauri kwa vijana wanaotafuta kozi, na uuguzi haukosi kutajwa miongoni mwa kozi za mwanzo. Ushauri huo, hata unapotolewa kwa nia njema, huwa na kasoro mbili: humfikia kijana akiwa amekwisha kuchagua masomo na kuyaacha mengine, na huieleza taaluma hii kana kwamba inadai ufaulu wa Baiolojia na moyo wa huruma, basi. Nimefundisha wanafunzi wa uuguzi kwa muda mrefu, na wengi niliowaona wakihangaika katika mwaka wa kwanza hawakushindwa na mifupa wala mishipa ya mwili. Walishindwa na hesabu.

Masharti ya kujiunga hutofautiana kati ya nchi na nchi, na hata kati ya chuo na chuo, lakini msingi wake unafanana. Shirika la Afya Duniani, katika viwango vya elimu ya wauguzi na wakunga lilivyovitoa mwaka 2009, linataka anayeingia chuoni awe amemaliza elimu ya sekondari, awe na msingi wa sayansi na Hisabati, na aimudu lugha inayotumika kufundishia. Katika vyuo vingi jambo hilo hutafsiriwa kuwa ufaulu wa Baiolojia na Kemia kwanza, kisha Hisabati au Fizikia, kisha lugha. Na kwa anayeomba shahada, masomo ya sayansi hutakiwa yawe yamesomwa hadi ngazi ya juu ya sekondari. Hesabu, kwa hiyo, imo katika masharti tangu zamani, ila wanaotoa ushauri huipitia haraka kwa kuogopa kuwakatisha vijana tamaa.

Naomba nieleze kwa nini haifai kupitiwa haraka. Daktari akiandika kwamba mgonjwa apewe miligramu 375 za dawa ya maji, na chupa ikiwa imeandikwa kuwa kila mililita 5 zina miligramu 250, muuguzi hana budi kujua kuwa atapima mililita 7.5. Akitakiwa kumaliza lita moja ya dripu kwa saa 8, kwa mpira unaotoa matone 20 katika kila mililita, atahesabu na kupata matone 42 hivi kwa dakika. Hapo hakuna zaidi ya uwiano, desimali na kubadili vipimo, mambo ambayo hufundishwa katika madarasa ya awali ya sekondari. Lakini nukta ikihama nafasi moja tu, dozi huongezeka mara kumi, na kwa mtoto mchanga ambaye dawa yake hupimwa kwa kilo za mwili, mara kumi ni sumu. Ndiyo maana Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, katika viwango vyake vya mwaka 2018, linataka mwanafunzi apate asilimia 100 katika jaribio la kukokotoa dawa. Katika mtihani mwingine wowote asilimia 90 ni ya kujivunia; katika huu ina maana kwamba mgonjwa mmoja kati ya kumi amepewa dawa kwa kipimo kisicho chake.

Hata Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza wa karne ya 19 ambaye jina lake hutajwa kila mara panapozungumzwa huruma, alikuwa mtu wa takwimu. Michoro aliyoiandaa baada ya vita vya Crimea ilionyesha kwamba askari wengi waliuawa na maradhi kuliko majeraha, na hoja hiyo ndiyo iliyowasukuma wakubwa kurekebisha usafi wa hospitali za jeshi. Shule iliyoanzishwa kwa jina lake London mwaka 1860 ilitokana na sifa aliyoipata katika kazi hiyo, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu. Sijui ni lini tuliamua kuwakumbusha wanafunzi taa aliyozunguka nayo usiku kuwatazama wagonjwa na kuyasahau majedwali yake.

Kemia nayo huachwa mapema mno. Maji ya chumvi yanayotundikwa kwa mgonjwa huwa na gramu 9 za chumvi katika lita moja kwa sababu maalumu: maji matupu yakiingizwa katika mshipa, chembe nyekundu za damu huvimba na kupasuka. Potasiamu, ambayo mwili hauwezi kuishi bila yake, ikiingizwa haraka bila kuchanganywa na maji husimamisha moyo. Mwanafunzi aliyeelewa viwango vya myeyusho akiwa sekondari huyaona mambo hayo kuwa na sababu, na asiyeelewa huyakariri kama miiko, na kinachokaririwa hupotea siku wodi inapofurika wagonjwa. Kuhusu Fizikia nitasema kidogo tu, kwamba shinikizo la damu, mtungi wa oksijeni na dripu inayoshuka kwa nguvu ya mvutano ni Fizikia tupu, ingawa vyuo vingi huihesabu kama somo la kuongeza sifa kuliko sharti.

Lugha ndiyo inayodharauliwa kuliko yote. Muuguzi huandika kutwa: hali ya mgonjwa, dawa iliyotolewa na saa yake, dawa iliyokataliwa na sababu yake, na maelezo ya kumkabidhi mwenzake wa zamu inayofuata. Maandishi hayo husomwa na madaktari, na wakati mwingine na mahakama. Anayetamani kufanya kazi nje ya nchi yake huongezewa mzigo, kwa kuwa mabaraza mengi ya usajili hudai mtihani wa lugha ya nchi anakokwenda, na nimewahi kuwaona wauguzi hodari wa mikono wakikwama hapo kwa miaka.

Jambo jingine ambalo kijana na mzazi hawaelezwi vya kutosha ni tofauti ya ngazi. Kozi fupi ya msaidizi wa muuguzi haimfanyi mtu kuwa muuguzi aliyesajiliwa. Stashahada na shahada huweza kufikisha kwenye usajili mmoja, lakini haziwi sawa panapohusu kupanda cheo au kusoma zaidi. Marekani, kwa mfano, aliyesoma shahada ya awali ya miaka miwili na aliyesoma ya miaka minne hufanya mtihani uleule wa leseni, ilhali Umoja wa Ulaya hupima mafunzo kwa muda: miaka isiyopungua mitatu na saa 4,600, ambazo angalau nusu yake ni mafunzo kwa vitendo mbele ya wagonjwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, swali la kwanza liwe kama chuo kinatambuliwa na baraza la wauguzi la nchi husika, kwa maana cheti kutoka chuo kisichotambuliwa hakimpi mtu leseni hata akiwa na alama za juu kiasi gani. Uchunguzi wa afya, chanjo ya homa ya ini aina ya B na uthibitisho wa mwenendo mwema ni mambo ya kawaida ambayo hayamzuii mwombaji aliyejiandaa.

Kwa aliyekwisha kuacha somo linalotakiwa, njia haijafungwa. Anaweza kurudia mtihani wa somo hilo peke yake, kusoma kozi ya maandalizi pale inapotolewa, au kuanza na ngazi ya chini inayotambuliwa kisha akajiendeleza akiwa kazini, na wapo wakuu wa idara za uuguzi waliopanda hivyo hivyo. Gharama yake ni muda, na ndiyo ninayotaka vijana waepushwe nayo.

Naliomba gazeti lako lichapishe masharti ya vyuo vya uuguzi wakati wanafunzi wa sekondari wanapochagua masomo, badala ya kungoja matokeo. Vyuo vyenyewe, vinapotangaza nafasi, vitenganishe waziwazi masomo ya lazima na yale ya kuongeza sifa, na viseme ni alama gani ya Hisabati inayokubalika, maana maneno kama "ufaulu mzuri katika sayansi" hayamsaidii mwanafunzi anayeamua leo kama aendelee na somo au aliache.

Wako,
Mkufunzi wa uuguzi