Turudishieni hadithi ya gazetini, na muanze na Malkia Margot

Mhariri, salaam sana.

Naandika kuhusu ile barua mliyoitoa wiki mbili zilizopita, ya msomaji mwenzangu aliyesema gazeti lisithubutu kuweka hadithi za watu wa dini kuuana kwa sababu zinachochea udini na sisi huku tunakaa vizuri na majirani zetu. Nimeisoma mara tatu. Namheshimu na najua nia yake ni njema ila kwa hili nakataa kabisa, na sikatai kwa kubahatisha, nakataa kwa sababu ya kitu ninachokiona kila usiku barazani kwetu hapa Tanga.

Babu yangu ana mtoto wa jicho macho yote mawili, kusoma hawezi tena. Enzi zake alikuwa reli, na gazeti alikuwa anaanzia nyuma, hadithi kwanza halafu ndo siasa, akikosa toleo moja anaenda kuazima kwa watu mpaka alipate. Sasa mimi nilinunua riwaya ya Mfaransa Alexandre Dumas inaitwa Malkia Margot, nimeikuta kwenye vitabu vya mitumba kule Posta Dar, ya Kiingereza, jalada limeshatoka. Ya Kiswahili nimetafuta sijapata. Kwa hiyo kila usiku baada ya isha nakaa na tochi ya simu, nasoma ukurasa kimoyomoyo halafu namsimulia babu kwa Kiswahili, na jirani yetu ambaye ni katekista mstaafu anakuja na kiti chake na birika la kahawa. Babu ni Muislamu, yule mzee Mkatoliki, wamekaa pamoja mtaa huu miaka zaidi ya 30.

Hadithi yenyewe inaanza na harusi. Tarehe 18 Agosti 1572, Jumatatu, Paris. Margot, dada wa mfalme Charles wa 9, Mkatoliki, anaolewa na Henri wa Navarre, ufalme mdogo mpakani na Hispania, ambaye ni Mprotestanti, wale waliokuwa wanaitwa Wahugenoti. Ufaransa ilikuwa imeshapigana vita vya dini toka 1562, amani imesainiwa 1570, na harusi hii ndo ilikuwa ya kuiimarisha ile amani. Wakafunga ndoa nje mbele ya kanisa la Notre-Dame, maana bwana harusi hakutaka kuingia kwenye misa, na ndani kwenye misa kaka yake Margot ndo akasimama kwa niaba yake. Wakubwa wote wa Kiprotestanti wamekuja mjini kusherehekea, yaani wamejaa Paris wenyewe kwa miguu yao. Siku nne baadaye, tarehe 22, kiongozi wao Admiral Coligny akapigwa risasi kutoka dirishani, hakufa, akavunjwa mkono na kupoteza kidole. Na huyu Coligny ndiye mfalme alikuwa anamuita baba! Usiku wa kuamkia tarehe 24, sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo, kengele ya kanisa la Saint-Germain-l'Auxerrois ikalia karibu na kasri la Louvre na Waprotestanti wakaanza kuchinjwa na Wakatoliki majumbani mwao. Coligny akamaliziwa kitandani kwake na mwili ukarushwa dirishani. Wauaji walifunga kitambaa cheupe mkononi ili wasiuane wenyewe kwa wenyewe. Paris peke yake hesabu nyingi za wanahistoria zinataja watu kama 2,000 mpaka 3,000, halafu mauaji yakasambaa miji mingine wiki kadhaa.

Nilipofika hapo nikasita. Nikamwangalia yule mzee, nikafikiria labda niiruke sehemu hiyo, nisome kurasa za mbele. Babu akasema "endelea mjukuu wangu, kwani tumekuja kusikia nini." Nikaendelea mpaka mwisho wa sura. Katekista alikuwa kimya, kikombe kimepoa mkononi, mwishowe akauliza, "Na mapadri wao walikuwa wapi? Hakuna hata mmoja aliyesimama mlangoni?" Akaaga akaenda kulala. Nikajua hapo tumeshamkera, kesho haji. Kesho yake saa mbili kasoro alikuwa wa kwanza kufika, tena kabla sijafungua kitabu akaanza yeye kusimulia kwamba wazee wake wa Bukoba walikuwa wanazungumza habari za Mengo kule Buganda mwaka 1892, kwenye enzi ya Kabaka Mwanga, Wakatoliki na Waprotestanti wakapigana kwa bunduki, na Wakatoliki waliitwa Wafransa kwa sababu mapadri waliowabatiza walikuwa White Fathers kutoka Ufaransa. Babu hiyo hakuwahi kuisikia, na wamekaa jirani miaka yote hiyo. Walizungumza mpaka saa tano, kitabu sikukifungua usiku huo kabisa.

Sasa namuuliza mwenzangu aliyeandika, hapo nani kachochewa?

Na hiyo ndo tofauti ya kitabu hiki na mahubiri ya chuki. Dumas hasemi Wakatoliki wabaya Waprotestanti wazuri. Mfano ni wale vijana wawili, La Mole na Coconnas, mmoja Mprotestanti mmoja Mkatoliki, wanafika Paris siku moja, wanashukia nyumba moja ya wageni, wanakula meza moja, wanacheza karata, wanapendana. Usiku kengele inalia na mwenye nyumba ile kumbe ni mmoja wa wauaji, na Coconnas naye anaingia kwenye genge, anamfukuza huyohuyo aliyekuwa anacheza naye karata saa chache nyuma. Jamani mimi nilitetemeka kusoma hapo. Baadaye wote wawili wamejeruhiwa vibaya, wanauguzwa chumba kimoja, wanaangaliana kwa hasira kila mtu kitandani kwake, na kidogokidogo wanakuwa marafiki ambao hata ndugu wa tumbo moja hawafiki. Huyo mwandishi anachochea udini kweli?

Au muangalie mfalme. Kijana wa miaka 22, ametoa ruhusa watu wa dini ile waishe, halafu mama aliyemnyonyesha, yaya wake, ni Mhugenoti, na huyo hamgusi, anamficha. Henri wa Navarre anaitwa anaambiwa achague, misa, kifo au jela ya Bastille. Hata Margot, mumewe hampendi na mumewe hampendi yeye, wanakubaliana tu kama washirika, kila mtu na mapenzi yake pembeni, lakini kaka zake na mama yake wanapotaka kumuua Henri yeye ndo anamkinga. Dini ipo midomoni mwa kila mtu mle kasri, ila ukifuatilia kila kikao cha usiku kinachojadiliwa ni nani atakalia kiti. Mama wa mfalme, Catherine wa Medici, hana shida na Henri kwa sababu ya sala zake, shida yake ni kwamba kuna utabiri kuwa wanawe watakwisha na huyu kijana wa Navarre atatawala. Babu kila Catherine akitokea anasogeza kiti karibu.

Kuna sehemu ya sumu lazima niitaje maana ndo iliyowakamata wazee mpaka wakakataa kwenda kulala. Catherine anatengeneza kitabu cha kufundisha kuwinda kwa kozi, yule ndege mwindaji, kurasa amezipaka arseniki zikagandana, ili Henri akisoma awe analamba kidole kufungua ukurasa, analamba tena, anafungua tena. Kitabu kinapelekwa chumbani kwa Henri. Na anayeingia chumbani akakikuta ni mfalme, mtoto wake mwenyewe Catherine, na anapenda uwindaji kuliko kitu chochote, anakaa chini anaanza kusoma, kidole mdomoni, ukurasa, kidole mdomoni. Mbwa wake anatafuna karatasi moja na anakufa, hapo ndo mfalme anaelewa. Nilivyomaliza kusoma hapo babu, ambaye enzi zake akisoma alikuwa analamba kidole kwanza, aliuangalia mkono wake muda mrefu.

Hapa nikubali kitu kimoja, maana sitaki mtu aseme nimeshabikia bila kuona. Dumas kwenye historia amejichukulia uhuru mwingi. Charles wa 9 kweli alikufa, tarehe 30 Mei 1574 kwenye kasri la Vincennes karibu na Paris, ila ni kifua kikuu wala siyo kitabu. Mama yake Henri, Jeanne d'Albret, kwenye riwaya ameuawa kwa glavu zenye sumu za René, mtengeneza manukato wa Catherine, lakini aliyekufa kwenye historia mwezi Juni 1572 alikuwa mgonjwa wa mapafu. La Mole wa kweli alikuwa Mkatoliki, tena mtu mzima siyo kijana. Na Catherine amepakwa masizi kupita kiasi naona, wanahistoria mpaka leo wanabishana nani hasa alitoa amri usiku ule. Kwa hiyo mkichapa, wekeni kisanduku kidogo pembeni kila wiki, mistari kumi tu, kinachosema hiki ni cha kweli hiki kimetungwa. Wasomaji wenu wataelewa, siyo watoto. Na kuna mambo mengine ya kweli kabisa ambayo mtu angedhani yametungwa, Margot mwenyewe kwenye kumbukumbu alizoandika anasimulia kuwa usiku ule mtu aliyejaa damu aliingia mbio chumbani kwake anakimbizwa na askari, akamrukia kitandani na kumng'ang'ania. Dumas alichofanya ni kulibadilisha jina la mtu huyo.

Sasa nije kwenye ombi langu kwa sababu barua imekuwa ndefu. Hii riwaya haikuzaliwa dukani, ilizaliwa gazetini. Ilitoka kwenye gazeti la La Presse la Paris kuanzia Desemba 1844 mpaka Aprili 1845, kipande kwa kipande, na gazeti lenyewe lilianzishwa 1836 na Émile de Girardin ambaye alishusha bei ya kulipia gazeti kwa mwaka ikawa faranga 40, kama nusu ya wenzake, pesa akawa anategemea matangazo, na ili matangazo yaje lazima wasomaji wawe wengi, na wasomaji waliletwa na hadithi. Ndo maana kila sura ya Dumas inaishia mtu kashika kitasa cha mlango au barua haijafunguliwa. Alikuwa anaandika akijua kuna mtu kesho atanunua gazeti kwa ajili ya huo mlango. Nyie mnalalamika kila siku kwamba watu wamehamia kwenye simu hawanunui karatasi, lakini kurasa za hadithi ndo mlizozifuta za kwanza. Mimi nawafahamu watu watano mtaani kwetu walioacha kununua gazeti siku ile hadithi ilipoondolewa, na babu ni mmoja wao.

Na Dumas siyo mtu wa mbali sana na sisi kama watu wanavyodhani wakiona jina la Kifaransa. Bibi yake mzaa baba alikuwa mwanamke mweusi mtumwa, Marie-Cessette, kwenye koloni la Saint-Domingue ambayo leo ni Haiti, na baba yake, Thomas-Alexandre, alizaliwa kule na akaja kuwa jenerali wa jeshi la Ufaransa. Mwandishi alitukanwa rangi yake maisha yake yote, alikufa 1870, na mwaka 2002 ndo mabaki yake yakahamishiwa Panthéon Paris wanakolazwa mashujaa wao. Vilevile asisahauliwe Auguste Maquet, yule msaidizi aliyekuwa anamtafutia historia na kupanga sura naye, jina lake halikuwekwa kwenye jalada na naona hiyo haikuwa haki. Mkichapa wekeni majina yote mawili.

Haki miliki haina tatizo, kitabu kina zaidi ya miaka 170. Kinachotakiwa ni mtafsiri mmoja anayekijua Kifaransa vizuri na anayeandika Kiswahili cha watu, siyo kile cha ofisini, na wapo, kuna vijana wa Lubumbashi na Goma wanaishi na lugha hizo mbili toka utotoni, wapeni kazi muwalipe. Nusu ukurasa Jumamosi na Jumapili inatosha. Na mimi ninachomsimulia babu kila usiku nimeanza kukiandika kwenye daftari, sura tatu za mwanzo ziko tayari, nitawaletea bure muone kama inawezekana, ingawa nimepitia Kiingereza na najua mtu wa Kifaransa atafanya vizuri kuliko mimi.

Naishia hapa kwa sababu naitwa. Tumefika pale La Mole na Coconnas wamekamatwa wamefungwa Vincennes, na kuna kitu cha nyuma kinawasumbua wazee wangu. Kipindi fulani wale vijana walionana na mnyongaji wa Paris, La Mole akampa sarafu ya dhahabu, Coconnas akampa mkono. Sasa kesi imeisha na mnyongaji anakuja kuwatesa wote wawili. Babu anasema mtu uliyempa mkono hawezi kukusahau, katekista anasema kazi ni kazi, na kiti chake nimekisikia kinaburutwa pale nje.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga.