Mpwa wangu uliyenyimwa jukwaa ukapewa sindano

Mpwa wangu,

Mama yako kanipigia, anasema umenuna tangu mlipogawana kazi za igizo la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, hapo Iringa. Uliomba kuigiza, ukapewa maleba. "Wamenifanya fundi nguo," eti ndivyo ulivyomwambia. Sawa. Mjomba wako ni fundi nguo wa Mwanjelwa, na ada yako ya sekondari ilitoka kwenye cherehani. Nimelimeza hilo. Sasa nisikilize.

Yuko mama mmoja wa Marekani, mbunifu wa mavazi ya filamu, Ruth E. Carter, mzaliwa wa Springfield, Massachusetts, mwaka 1960. Akiwa chuoni Hampton aliomba nafasi kwenye igizo, akakosa, mwalimu akamwuliza kama angependa kushughulikia mavazi. Akakubali, na mengi akajifundisha mwenyewe. Akapitia opera ya Santa Fe, akaenda kufanya kazi za jukwaani Los Angeles, na huko akakutana na mwongozaji Spike Lee, aliyemwingiza kwenye filamu. Mwaka 2019 akachukua Oscar kwa mavazi ya filamu ya Black Panther, 2023 akachukua nyingine. Kabla yake hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kuwa nazo mbili.

Tuzo tuziache, mimi kilichonivutia ni utendaji wake. Alipopewa filamu ya Malcolm X, yule mtetezi wa Weusi wa Marekani, iliyotoka 1992, aliomba kuliona jalada la gerezani la Malcolm, akasoma barua alizoandika kwa mkono wake. Barua hazina koti wala kofia! Alitaka amjue mtu kwanza, ndipo amvalishe.

Kwenye Black Panther taji la mhusika Malkia Ramonda lilitokana na kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa, kisha likatengenezwa kwa printa ya 3D, ile inayojenga kitu kizima. Watu wa mpakani mwa Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu hiyo, wakajitanda mablanketi ya Wasotho wa Lesotho. Yalipofika yakaonekana mazito mno kwa kamera, wasaidizi wakakaa kuyanyoa kwa mashine za kunyolea ndevu. (Kwa baridi hii ya Juni Mbeya, anayenyoa blanketi langu tutagombana.) Mtazamaji hajui kama lilinyolewa. Anachoona ni kwamba linamkaa mtu vizuri anapotembea.

Basi wewe usiwavike askari wa Mkwawa shuka nyekundu za Kimasai kwa sababu tu zimejaa madukani. Vita vya Lugalo, Mkwawa alipowapiga Wajerumani, ni vya 1891. Nguo zilizofika bara kwa misafara enzi zile ni merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, na kaniki, ile nyeusi, anzia hapo. Nenda makumbusho ya Kalenga ukakae, usipige picha ukaondoka. Waulize wazee walisikia nini kwa babu zao, nani alijifunga vipi, bega lipi lilibaki wazi.

Halafu kitambaa kipya kitakuumbua chini ya taa. Kifue mara kadhaa, kiloweke kwenye chai ya rangi iliyokolea, kianike. Kikikauka, sugua kwa msasa pale tu mwili unapogusa: begani, makalioni, kwenye pindo linaloburuta. Ukisugua kote kitaonekana kitambaa kilichosuguliwa. Na pasi ifiche kabisa, kuna mtu atajipigia tu kabla ya onyesho.

Merikani nitakununulia huku. Nitumie vipimo vya huyo Mkwawa wenu, mabega na urefu, lakini mpime mwenyewe kwa futi. Ukimwuliza kiuno atakutajia cha zamani.

Mjomba wako