Ukitoka kambini, vuka mto

Mwanangu mpendwa,

Nimepata ujumbe wako kwamba mnakwenda Auschwitz, ile kambi ya mauaji ya Wanazi wa Ujerumani kule Polandi, na wanafunzi wenzako. Nenda, mama, uone yote. Ila nina ombi: mkitoka kambini, usirudi Kraków moja kwa moja. Vuka mto Soła uingie mjini Oświęcim. Wageni wengi huondoka wakijua jinsi Wayahudi walivyouawa, wasijue walivyoishi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wa mji ule, nao wakauita Oshpitzin.

Ulizia makumbusho ya Kiyahudi, yale yaliyo ubavuni mwa sinagogi pekee lililosalia. Humo imo taa inayoitwa ner tamid. Taa ya namna hiyo hutundikwa mbele ya kabati la magombo ya Torati, na haizimwi usiku wala mchana. Unakumbuka Kutoka 27, mafuta safi ya zeituni ili taa iwake daima? Agizo ni lile lile.

Taa hiyo ya makumbusho ilikuwa ya Sinagogi Kuu la mji, ambalo Wanazi walilichoma usiku wa kuamkia tarehe 30 Novemba 1939. Baadaye hata kuta zikabomolewa. Mwaka 2004 wataalamu wa mambo ya kale kutoka Toruń walichimba pale, kwa kuwa mzee mmoja aliyenusurika alisimulia kwamba vitu vitakatifu vilifukiwa. Walitumaini kupata magombo, hawakuyapata. Wakafukua vinara, vigae, vipande vya marumaru, na taa hiyo.

Mimi nawawaza waliofukia. Adui alikwisha kuingia mjini tangu Septemba, kila mzazi anahangaikia wanawe, na bado kuna aliyeona vyombo vya ibada visiachwe. Mtu hafukii kitu asichotarajia kurudi kukichukua! Mwaka 1941 Wayahudi wa mji wakahamishwa wote kwa nguvu. Baada ya vita wachache walirejea, wengi wao wakaondoka tena. Wa mwisho, Szymon Kluger, alifariki mwaka 2000, miaka minne tu kabla taa haijatoka ardhini. Hilo linaniuma kuliko yote.

Kiwanja cha Sinagogi Kuu sasa ni bustani ya kumbukumbu, pita na hapo. Kisha uniandikie: taa ina ukubwa gani, na moto umeacha alama zipi? Picha nilizoziona hazinitoshi. Vaa koti zito. Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako