Yah: Kitabu cha Nne Mlichomnyima Binti Yangu

Kwa Meneja,
Duka la Vitabu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Rejea oda yangu ya seti ya Spirit Animals, mfululizo wa hadithi za watoto wenye vitabu 7, niliyoilipia yote kabla mzigo haujaagizwa. Sharti la kulipa kwanza ni lenu. Tangazo la kubadilisha bidhaa isiyo sahihi nalo mmelibandika wenyewe pale mlangoni, sina haja ya kuwasomea.

Kitabu cha nne sicho. Tuliagiza Fire and Ice cha Shannon Hale. Mmetupa Fire and Ice cha Erin Hunter, ambacho ni cha pili katika Warriors, hadithi za paka wa msituni. Majina yamefanana, basi. Nilikuja kwa upole kabisa, nikijua kuna mtu aliandika jina kwenye kompyuta akachukua la kwanza lililotokea. Hilo ningelisamehe palepale.

Nisilolisamehe ni la kaunta. Binti yangu ana miaka 10 na habari za vitabu hivi anazijua kuliko mimi, kwa hiyo nilimwachia aeleze. Akamwambia msimamizi wenu wa zamu kwamba vitabu ni 7 lakini waandishi ni 8, kwa kuwa cha tatu wamekiandika wawili, Garth Nix na Sean Williams, na kwamba anachokitaka ni kile ambamo watoto wanne wanakwenda kaskazini kwenye barafu kutafuta hirizi ya Suka, dubu mweupe. Msimamizi akamnyang'anya kitabu, akawageuzia jalada watu waliokuwa kwenye foleni, akasema: "Fire and Ice mliagiza, Fire and Ice mmepata. Kila kimoja na mwandishi wake, huo ni mfululizo gani? Mama, mwache mtoto asome alichopewa."

Mfululizo gani! Brandon Mull alianzisha safari mwaka 2013 na kuchora njia ya hadithi nzima, akampokeza Maggie Stiefvater, kijiti kikaenda hivyo mkono kwa mkono mpaka Marie Lu akamaliza na cha saba mwaka 2015. Raha yenyewe iko hapo. Binti yangu na kaka yake hubishana mpaka usiku nani kamwandika Abeke vizuri zaidi, msichana wa Nilo, fundi wa upinde, mwenye chui wake Uraza. Mtoto aliyekuwa akikikimbia kitabu sasa anajua kwamba nyuma ya hadithi kuna watu, na kila mmoja ana sauti yake. Ninyi mnauza vitabu na hamlijui hilo?

Tena hata hicho mlichotupa kinamsuta msimamizi wenu. Erin Hunter si mtu mmoja. Ni jina wanalotumia waandishi kadhaa, Kate Cary na Cherith Baldry wakiwemo. Sina ubaya na Warriors, lakini nani anaanzia cha pili?

Mzigo wenyewe ulitakiwa ufike kabla ya likizo ya Juni. Ulifika likizo imekwisha, na nilipokuwa nikiulizia, simu ilipokelewa kisha ikakatwa. Hata hilo nililimeza.

Narudia la kaunta, maana nataka mlione kama nilivyoliona. Mtoto amesimama, kitabu amekishika kwa mikono miwili. Amesema shikamoo. Mtu mzima hakuitikia. Hakusema marahaba, hakumtazama usoni. Alinyoosha mkono juu ya kaunta, akamnyang'anya kitabu katikati ya sentensi, akakiinua watu wakione, akasema mwache asome alichopewa, na foleni ikacheka. Binti yangu akanivuta gauni: "Mama, twende tu." Tangu siku ile cha tano hajakigusa. Anasema hawezi kuruka, na ana haki.

Nilikuja dukani kutaka kitabu tu. Sasa kitabu peke yake hakitoshi. Nataka Fire and Ice cha Shannon Hale kiletwe nyumbani kwa gharama zenu. Nataka msimamizi yule amwombe binti yangu radhi, mbele ya kaunta ileile, saa za wateja, na aanze kwa kuitikia salamu yake.

Ikifika Ijumaa ijayo sijapata jibu la maandishi, kitabu msilete tena. Nitataka fedha zote za seti, si za kitabu kimoja, na malalamiko yangu yatakwenda Tume ya Ushindani kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na risiti na picha za majalada yote mawili. Wazazi wa darasa lake walikuwa wanachanga ili waagize vitabu vya Desemba kwenu. Nimewaambia wasubiri. Jumamosi nitawapa jibu.

Wenu,
Mzazi na mteja