Mwanangu, maneno yale waliambiwa waliotaka viti

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza haraka haraka, kama mama anavyosoma akitaka kujua tu kama mtoto wake ni mzima. Kisha nikakaa nikaisoma taratibu. Swali lako ni hili: kama kuwatumikia watu ndiyo njia ya Yesu, mbona wewe unayetumika umechoka hivyo, na anayekusomea maandiko ndiye wa kwanza kuondoka jioni? Unabaki kumalizia ripoti, asubuhi inasomwa mkutanoni bila jina lako, na mkutano ukiisha vikombe vinaachwa mezani vikungoje. Ukifungua mdomo, msimamizi wako anakukumbusha kwamba atakaye kuwa mkubwa na awe mtumishi. Na kwa kuwa ni mzee wa kanisa, umenyamaza.

Nitakujibu kwa kirefu, maana hapa imani yako yenyewe imeguswa, wala si kazi peke yake.

Fungua Marko sura ya 10, uangalie maneno yale waliambiwa akina nani. Yakobo na Yohana walikuwa wametoka kuomba viti, mmoja kuume na mwingine kushoto, na wale kumi waliposikia wakakasirika. Mimi sidhani walikasirika kwa kumwonea Yesu uchungu. Nadhani walikasirika kwa sababu wenzao wamewawahi. Ndipo Bwana akawaita wote, akawaambia kwamba wakuu wa mataifa huwatawala watu kwa nguvu na wakubwa wao huwatumikisha. Akaongeza: "Lakini haitakuwa hivyo kwenu." Waliokuwa wakimsikiliza ni watu kumi na wawili waliokuwa wakinyemelea ukubwa. Hakumfuata mtumwa anayeteka maji uani akamwambia kwamba bado hajatumika vya kutosha. Neno lile lilikuja kumbana anayekitamani kiti na anayekikalia. Mwenye kiti akilichukua na kumgeuzia aliye chini yake, analitumia kufanya kilekile ambacho lilikuja kukikataza. Hata awe mzee wa kanisa. Hasa akiwa mzee wa kanisa, kwa sababu Petro, alipowaandikia wazee wenzake, aliwakataza waziwazi kujifanya mabwana juu ya kundi.

Utaniuliza, na una haki ya kuuliza: mbona mitume waliwaandikia watumwa wawatii mabwana zao? Ni kweli waliandika. Waliwaandikia watu ambao sheria ya Kirumi iliwahesabu kama mali, wasioweza kuondoka kwa hiari yao. Lakini wanaopenda kunukuu mistari ile mara nyingi huishia katikati. Katika Waefeso 6, baada ya watumwa wanageukiwa mabwana: waache kuwatisha watu wao, kwa sababu wote wana Bwana mmoja mbinguni, naye hana upendeleo. Na kwa Wakorintho, Paulo anamwambia mtumwa kwamba akiweza kupata uhuru autumie, kisha anaandika maneno ambayo nataka uyashike kuliko yote yaliyomo katika barua hii: "Mlinunuliwa kwa thamani; msiwe watumwa wa wanadamu."

Yatafakari maneno hayo, mwanangu. Yule aliyekununua ameshalipa. Hakuna mtu mwingine aliyebaki na haki ya kukuwekea bei, awe anakusifu au anakudharau.

Ndiyo maana ukisoma Yohana 13 usikimbilie maji. Sisi kanisani tunakimbilia maji, tunahubiri bakuli na kitambaa, tunaruka sentensi inayotangulia. Yohana anasema kwamba Yesu, akijua ya kuwa Baba amempa vyote mikononi mwake, na ya kuwa alitoka kwa Mungu naye anakwenda kwa Mungu, aliinuka pale chakulani, akaweka kando mavazi yake, akajifunga kitambaa kiunoni. Alijua kwanza, ndipo akainama. Kuosha miguu ya wageni ilikuwa kazi ya mtumwa, na Luka anasimulia kwamba kwenye chakula kilekile wanafunzi walikuwa wakibishana nani aliye mkubwa kati yao. Kila mmoja alijua kwamba akishika bakuli, ubishi umemshinda. Yesu peke yake hakuwa na cha kupoteza. Aliosha hata miguu ya Yuda, aliyekuwa bado hajatoka nje, na hilo halikumpunguzia kitu.

Dunia inatufundisha kinyume chake: pata cheo, kisha utajua wewe ni nani. Kwa hiyo watu wanapanda, na kila wanapofika wanakuta juu yao kuna mwingine, na nyuma yao kuna anayewavuta mguu, na hawalali. Nimeiona hamu hiyo kidogo katika barua yako, pale ulipoandika kwamba siku ukipata nafasi yake hakuna atakayekugusa tena. Naielewa sana. Lakini wewe unamjua huyo msimamizi. Je, ana amani? Umeniambia mwenyewe jinsi anavyobadilika sauti simu ya mkurugenzi ikiita. Kiti hakijamweka huru. Kimempa tu watu wa kuwashushia hofu yake.

Sasa nikupeleke Filipi, kwa sababu naona kisa cha kule kinakuhusu.

Filipi ulikuwa mji wa Makedonia uliofanywa koloni la Kirumi. Askari waliostaafu walipewa ardhi pale baada ya vita vya mwaka 42 kabla ya Kristo, na wenyeji walijivunia Urumi wao kama nguo ya sikukuu. Ukisoma Matendo 16 utaona hata mashtaka dhidi ya Paulo na Sila yalijengwa juu ya hilo: hawa ni Wayahudi, na sisi ni Warumi. Wakavuliwa nguo, wakapigwa bakora hadharani, wakafungwa miguu kwenye mkatale ndani kabisa ya gereza. Na Paulo alikuwa raia wa Rumi, mtu ambaye sheria ilikataza kuchapwa bila kuhukumiwa. Kwa nini hakusema kabla ya kupigwa? Luka hatuambii. Tunachojua ni kwamba usiku ule alikuwa akiimba, na milango ilipofunguka kwa tetemeko hakukimbia, bali alimwokoa mlinzi wa gereza aliyekuwa ameshachomoa upanga ili ajiue, akidhani wafungwa wametoroka. Saa ileile ya usiku mlinzi yule akawachukua wafungwa wake akawaosha majeraha, kisha akawaandalia chakula nyumbani kwake. Jioni alikuwa amewafunga miguu. Usiku wa manane yuko chini anaosha migongo iliyochanwa. Hakuna aliyemwamuru. Kila nikifika hapo nasimama kidogo kabla ya kuendelea kusoma.

Halafu kunakucha. Mahakimu wanatuma watu waseme, waachilieni wale wende zao. Na hapa Paulo, mtumwa wa Kristo, aliyeimba gerezani, anakataa kutoka. Wametupiga mbele ya watu bila hukumu, anasema, nasi tu Warumi, na sasa wanataka kututoa kwa siri? Waje wenyewe watutoe. Mahakimu wakaogopa, wakaja, wakawasihi. Naamini alikuwa akilifikiria lile kanisa changa lililobaki pale, Lidia muuza rangi ya zambarau na nyumba yake, na mlinzi na nyumba yake, ili kesho mtu asiwaonee kirahisi. Kabla ya kuondoka mjini alipita kwa Lidia akawatia moyo ndugu.

Unamwona mtu huyo? Uraia wake aliweza kuuacha mfukoni usiku kucha na aliweza kuutoa asubuhi. Haukuwa umemshika. Baadaye watu wa mji huohuo, waliolewa sifa ya Urumi, ndio aliowaandikia kwamba Kristo, ingawa alikuwa na namna ya Mungu, hakuona kule kuwa sawa na Mungu kuwa ni kitu cha kushikamana nacho, bali alitwaa namna ya mtumwa, akatii hata mauti ya msalaba. Na msalaba, katika dola ile, ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Raia mwenye heshima hakutaka hata kuusikia ukitajwa mezani. Kanisa la Filipi lilielewa, nadhani, kuliko sisi tunaoning'iniza msalaba wa dhahabu shingoni.

Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba kutumika na kunyamazia uonevu ni kitu kimoja. Nilipokuwa naanza uuguzi tulikuwa na muuguzi mkuu wa wodi ambaye bado namkumbuka. Usiku mgonjwa akichafua kitanda hakutuma mtu. Alivaa glavu, akashika ncha moja ya shuka na kukuambia ushike nyingine, akamgeuza mgonjwa huku akimwambia kila anachofanya ili asione aibu. Asubuhi moja daktari bingwa akamfokea mwanafunzi mbele ya wagonjwa, binti wa watu akaanza kutetemeka. Yule mama akaweka chini kadi alizokuwa anajaza, akasogea katikati yao, akasema, "Daktari, huyu ni mwanafunzi wangu. Ukiwa na neno juu yake, tuongee ofisini." Hakupandisha sauti. Ilikuwa sauti ileile aliyozungumza nayo na mfagiaji, na ileile aliyotumia kwa mgonjwa usiku. Daktari akanyamaza, na yeye akarudi kwenye kadi zake. Sijapata kumwona mtu huru kuliko yule, na cheo chake hakikuwa kikubwa.

Lipo jambo lingine la kukutahadharisha. Utumishi wenyewe unaweza kugeuka ngazi. Papa Gregori wa Kwanza, aliyeongoza tangu mwaka 590 hadi 604, alijiita mtumishi wa watumishi wa Mungu, na naamini alimaanisha; lakini jina hilo likawa cheo rasmi cha maaskofu wa Roma, likaandikwa hata kwenye nyaraka za mapapa walioishi kama wafalme. Wafalme wa Uingereza nao kwa karne nyingi waliosha miguu ya maskini kila Alhamisi Kuu. Baadaye maji yakaachwa, zikabaki sarafu zinazogawiwa mpaka leo. Kuinama siku moja, watu wakitazama, kunaweza kuacha kila mtu mahali pake palepale. Nawe ujichunguze: ukianza kuhesabu nani ameosha vikombe mara ngapi ili upate kuwa mnyenyekevu kuliko wenzako, umerudi kwenye mashindano ya mezani, umebadilisha tu zawadi.

Sasa la kufanya. Yesu ameshatuwekea utaratibu katika Mathayo 18: nduguyo akikukosea, nenda ukamwambie, wewe na yeye peke yenu. Hakumtoa mzee wa kanisa kwenye utaratibu huo. Mwombe nafasi, kaa, mwambie kwa adabu yale uliyoniandikia mimi, mambo kama yalivyo, bila kumpamba wala kumpaka matope. Mwambie pia kwamba mstari ule anautumia vibaya. Mwonyeshe Marko 10 aone ni nani walioambiwa. Asipokusikia, nenda na mmoja au wawili wanaoijua kazi yako. Ikishindikana, ofisi ina taratibu zake, na kuzitumia si dhambi, Paulo alizitumia. Na ripoti inayofuata iandike jina lako kabla hujaituma.

Vikombe, mwanangu, ukitaka kuviosha vioshe, tena kwa furaha. Pendekeza tu kuwe na zamu, na jina la msimamizi liwemo kwenye orodha pamoja na la mkurugenzi. Siku isiyo zamu yako, ukimwona mwenzako amelemewa, msaidie. Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba waliitwa wapate uhuru, na palepale, bila kupumua, akawaambia watumikiane kwa upendo. Anayelazimishwa na anayejitoa wanaweza kusimama kwenye sinki moja, na wewe utajua ndani yako ni yupi kati yao.

Na siku utakayopewa nafasi, maana naiona inakuja, msikilize kwanza yule ambaye hakuna anayemsikiliza. Taja majina ya walioifanya kazi. Ukikosea mbele ya watu, sahihisha mbele ya watu. Ukiona watu wanacheka kila unapotania, jiulize kama wanaogopa. Kazi chafu usiitume kila mara kwa mtu yuleyule kwa sababu tu hawezi kukukatalia. Na Yakobo 2 isome angalau kila mwaka, ile habari ya mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri na maskini anayeambiwa asimame kule. Isome ukiwa umekaa kwenye kiti kizuri.

Baba yako amesoma barua yako naye. Alinyamaza kidogo, kisha akataka kumpigia simu huyo bwana leo leo. Nimemzuia, nimemwambia hii ni kazi yako, na wewe unaiweza. Anakusalimu sana. Wadogo zako wanauliza utakuja lini.

Ukishaongea naye niandikie, hata kama hakukusikia. Nitakuwa nakuombea kila asubuhi kabla hujaingia kazini.

Mama yako